16,777,216: Namba iliyofanya mita ya LUKU idai tarakimu 60

Chukulia uko Malangali, moja ya kata za Manispaa ya Sumbawanga (siyo ile Malangali ya Mufindi yenye sekondari kongwe). Ni jioni, baridi ya Ufipa imeanza kuuma, na uniti zinakaribia kuisha. Unashika simu, unanunua umeme wa shilingi 5,000, meseji inaingia. Ila safari hii haina zile tarakimu 20 ulizozoea. Ina makundi matatu, na kila kundi lina tarakimu 20. Jumla 60.

Hilo ndilo lililowakuta wateja wa LUKU mwaka 2024, TANESCO ilipoendesha maboresho ya mita kabla ya tarehe 24 Novemba. Kwa asiyejua kinachoendelea, meseji kama hiyo ilifanana kabisa na utapeli. Na aliyeruka makundi mawili ya kwanza kwa haraka zake, mita iligoma.

Chanzo cha yote hayo ni namba moja: 16,777,216.

Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaichagua tarehe ile ya Novemba. Tarehe ilitoka ndani ya namba yenyewe, na ukiielewa namba utajua kwa nini ulichapa tarakimu 60, kwa nini tokeni yako haianzi na 9 hata siku moja, na ni lini kazi hii inaweza kurudi tena.

Dakika zilizohesabiwa tangu 1993

LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Tokeni zake hutengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilichoanzia Afrika Kusini na ambacho leo kinatumika katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Uganda na Zambia.

Kila tokeni ya umeme hubeba muhuri wa muda. Muhuri huo hauandikwi "Jumatatu saa nne asubuhi". Ni namba tupu, na hadi maboresho ya 2024 ilikuwa inasema: tangu saa 6:00 usiku wa tarehe 1 Januari 1993, zimepita dakika ngapi.

Muhuri una kazi moja kubwa, kuzuia tokeni isitumike mara mbili. Mita hukumbuka mihuri ya tokeni ilizopokea karibuni. Ukiingiza tokeni ile ile tena, mita inaukuta muhuri wake kwenye kumbukumbu na kuikataa. Ukiingiza tokeni ya zamani kuliko zote inazozikumbuka, inaikataa pia, kwa sababu haina uhakika kama ilishatumika.

Mpango ni mzuri. Shida ni nafasi: muhuri umepewa biti 24 tu.

Biti 24 ni kiasi gani?

Kwa lugha nyepesi, biti ni kama swichi ya taa. Imezimwa (0) au imewashwa (1), basi.

Swichi moja ina hali 2. Swichi mbili zina hali 4. Swichi tatu zina hali 8. Kila ukiongeza swichi moja, idadi ya hali inazidishwa mara mbili.

Ili kuona inavyokua, tumia kitu ambacho Rukwa kipo kwa wingi: mahindi. Anza na punje moja. Zidisha mara mbili, ziwe mbili. Tena, ziwe nne. Ukifika mara ya kumi una punje 1,024, zinaenea kwenye bakuli. Mara ya ishirini una punje 1,048,576. Mara ya 24 una punje 16,777,216. Kama punje moja ina uzito wa gramu 0.3 hivi, hapo una tani tano, karibu magunia 50 ya kilo 100.

Kwa hiyo biti 24 zinaweza kuandika namba 16,777,216 tofauti, kuanzia 0 mpaka 16,777,215. Baada ya hapo nafasi imekwisha.

Fikiria kaunta ya kilomita kwenye bodaboda ya zamani. Ikifika 99999, kilomita inayofuata inaonyesha 00000. Pikipiki haijawa mpya, kaunta ndiyo imeishiwa tarakimu. Muhuri wa LUKU nao ulikuwa unaelekea huko. Ungerudi sifuri, na mita ingeiona tokeni ya leo kama tokeni ya mwaka 1993: ya zamani kuliko zote, haifai, imekataliwa. Una hela, umenunua umeme halali, lakini nyumba iko gizani.

Tarehe 24 Novemba ilipatikanaje?

Siku moja ina dakika 1,440. Gawanya:

16,777,216 ÷ 1,440 = siku 11,650, na zinabaki dakika 1,216.

Hesabu siku 11,650 kuanzia 1 Januari 1993, usisahau miaka mirefu yenye 29 Februari, na utatua kwenye Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2024. Zile dakika 1,216 ni saa 20 na dakika 16. Yaani namba inatimia saa 2:16 usiku, muda ambao familia nyingi ziko mezani.

Hapa kuna swali zuri. Kwa nini ikawa saa 2:16? Kwa nini isiangukie saa 6:00 usiku kamili, siku inapobadilika?

Jibu liko kwenye namba tasa.

Namba iliyojengwa kwa 2 peke yake

Namba tasa, kama ulivyofundishwa shule ya msingi, ni namba kubwa kuliko 1 inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 hujengwa kwa kuzidisha namba tasa, na kila moja ina mchanganyiko wake ambao hakuna namba nyingine inayo.

Dakika za siku moja zimejengwa hivi:

1,440 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5

Na namba yetu:

16,777,216 = 2 × 2 × 2 × ... mara 24

Haina 3 ndani yake. Haina 5. Ili namba igawanyike kwa 1,440 bila baki ni lazima ibebe 3 mbili na 5 moja, na hii haina hata moja. Kwa hiyo haiwezekani kabisa namba hii itimie saa 6:00 usiku kamili ikiwa hesabu ilianza saa 6:00 usiku kamili. Ungeongeza biti mia moja, bado ingekuwa vile vile, kwa sababu kuongeza biti ni kuongeza 2 nyingine tu.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe bila kikokotoo. Kanuni ya 3: jumlisha tarakimu. 1+6+7+7+7+2+1+6 = 37. Thelathini na saba haigawanyiki kwa 3, hivyo namba nzima haigawanyiki. Kanuni ya 5: namba iishie na 0 au 5. Hii inaishia na 6. Imekwisha.

Mambo mengine yaliyomo ndani ya namba hii

- Ni 4,096 × 4,096. Ni 256 × 256 × 256. Ni 64 × 64 × 64 × 64 pia. Inawezekana kwa sababu zile 2 ishirini na nne unaweza kuzigawa sawasawa katika mafungu 2, 3, 4, 6, 8 au 12.

- Ina vigawo 25 tu: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili mpaka yenyewe.

- Jirani yake wa nyuma, 16,777,215, ana tabia tofauti kabisa. Yeye ni 3 × 3 × 5 × 7 × 13 × 17 × 241, na ana vigawo 96. Majirani hawa wawili wanaachana kwa 1 tu, lakini hawashirikiani kigawo chochote zaidi ya 1.

- Unaitazama sasa hivi. Kioo cha simu ya kawaida hutengeneza rangi kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiwa na viwango 256. Zidisha 256 × 256 × 256 na unapata rangi 16,777,216. Ndiyo zile "rangi milioni 16.7" zinazoandikwa kwenye sifa za simu dukani. Biti 24 zile zile.

Kwa nini tokeni haianzi na 8 wala 9

Muhuri wa muda ni sehemu tu ya tokeni. Tokeni nzima ya umeme ina biti 66, zimegawanywa hivi:

- biti 6 za kusema hii ni tokeni ya aina gani
- biti 4 za bahati nasibu
- biti 24 za muhuri wa muda
- biti 16 za kiasi cha uniti
- biti 16 za ukaguzi

Biti za ukaguzi ndizo zinazokamata kosa la kidole. Ukikosea tarakimu moja, hesabu ya ukaguzi haitalingana na mita itakataa. Mtu anayebahatisha tokeni ana nafasi kama moja kati ya 65,536 (yaani 2 kwa kipeo cha 16) ya kupita ukaguzi huo, na hata akipita bado muhuri wa muda unamsubiri.

Karibu vyote hivyo hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mita husika. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako hata kama mlinunua kiasi kimoja dakika moja.

Mwisho, biti 66 hugeuzwa kuwa namba ya kawaida ili mtu aweze kuichapa. Namba zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 66, yaani:

73,786,976,294,838,206,464

Hesabu tarakimu zake: ni 20. Hapo ndipo zile tarakimu 20 zinapotoka. Na kwa kuwa tokeni kubwa kuliko zote inaanza na 73, hakuna tokeni ya LUKU inayoweza kuanza na 8 au 9. Hata inayoanza na 74 haipo. Zinazoanza na 7 ni chache, kama 5 katika kila 100, huku 0 mpaka 6 zikigawana zilizobaki karibu sawasawa.

Fungua meseji zako za zamani za umeme uangalie. Ukikutana na mtu anayekuuzia "tokeni ya bei rahisi" inayoanza na 9, huna haja ya kwenda mpaka kwenye mita. Ni feki. (Kuanza na 0 mpaka 7 hakuifanyi tokeni kuwa halali, ila 8 au 9 inatosha kuikataa.)

Kwa nini hawakuongeza biti?

Wangeweza. Kwa biti 24, muhuri unadumu miaka 31 na miezi kama 11. Wangeweka biti 32, ungedumu zaidi ya miaka 8,000.

Lakini biti 8 za ziada zingefanya tokeni iwe na tarakimu 23 badala ya 20. Tarakimu tatu zinaonekana kidogo mpaka umfikirie bibi anayechapa gizani kwa mwanga wa tochi ya simu, au mwenye mashine ya kusaga ambaye wateja wamepanga foleni na debe zao. Kila tarakimu ni nafasi ya kukosea. Wabunifu walichagua tokeni fupi, na bei yake ikawa kaunta yenye mwisho.

Yale makundi matatu yalifanya nini

Dawa haikuwa kubadilisha mita zote. Dawa ilikuwa kuanza kuhesabu upya kutoka tarehe mpya, 1 Januari 2014, na kuipa mita ufunguo mpya.

Kundi la kwanza na la pili la tarakimu 20 yalikuwa ufunguo huo mpya, umekatwa vipande viwili kwa sababu hauenei kwenye tokeni moja. Hayakuwa na uniti hata moja ndani yake. Mita ilipoyapokea, ilisahau mihuri ya zamani na kuanza ukurasa mpya. Kundi la tatu ndilo lililokuwa na umeme ulionunua, limefungwa kwa ufunguo mpya. Ndiyo maana ukianza na la tatu mita haikuelewi: unaipa kufuli ambalo bado haina ufunguo wake.

Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme wake kutoka Zambia, nje ya gridi ya Taifa. Kwa kaunta, hilo halina tofauti yoyote. Mita za STS upande wa Zambia zilikabiliwa na tarehe ile ile, sawa na za Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Namba haijui mpaka.

Ukikutana na tarakimu 60 leo

Hili bado linaweza kumkuta mtu. Nyumba iliyofungwa tangu kabla ya Novemba 2024, fremu ya duka iliyokaa bila mpangaji, au mita iliyokuwa stoo, inaweza kuwa bado na ufunguo wa zamani. Mita ya hivyo haitapokea tokeni ya kawaida mpaka ibadilishiwe ufunguo.

- Ingiza makundi kwa mpangilio wa meseji: la kwanza, la pili, kisha la tatu. Subiri mita ikubali kila moja kabla ya kuendelea.
- Usifute meseji mpaka uone uniti zimeongezeka.
- Ukipanga nyumba au fremu iliyokaa muda mrefu, nunua umeme kidogo kwanza uijaribu mita kabla ya kuhamia.
- Mita ikigoma baada ya kuingiza makundi yote kwa usahihi, nenda ofisi ya TANESCO iliyo karibu na namba ya mita. Usimpe mtu wa mtaani aifungue.

Itarudi lini?

Hesabu ni ile ile, mwanzo tu ndio umebadilika. Weka dakika 16,777,216 juu ya tarehe 1 Januari 2014 na unatua 24 Novemba 2045. Tarehe ile ile, mwezi ule ule, saa 2:16 usiku.

Kiwango cha STS kimeshaandaa na mwanzo mwingine wa kupokea zamu, 1 Januari 2035. Ongeza tena 16,777,216 na unapata 24 Novemba 2066.

Mtoto aliyezaliwa Malangali wakati wazazi wake wanachapa zile tarakimu 60 atakuwa na miaka 21 mwaka 2045, pengine na nyumba yake na mita yake. Kama bado itakuwa mita ya aina hii na hakuna aliyeigusa mapema, atapokea meseji ndefu na kujiuliza kama ni utapeli. Mzazi aliyeelewa safari hii atakuwa na jibu: ni 2, imezidishwa mara 24.